Jamhuri Dhidi ya Viti Mia Tatu

Nchi ya Twaeni haionekani kwenye ramani, kwa sababu ramani yenyewe imekamatwa. Polisi waliikuta mikononi mwa mgeni aliyekuwa anatafuta njia ya kwenda sokoni, wakaona kwamba mtu anayetafuta njia lazima ana mahali anapotorokea. Mgeni aliachiwa na kuombwa radhi. Ramani ingali mahabusu.

Msomaji asije akadhani kwamba huko watu wanaonewa. Hasha. Twaeni ina sheria ya upole kuliko zote, iitwayo Sheria ya Vitu Vyenye Mashaka, na chini yake mtu hashtakiwi kabisa. Kinachoshtakiwa ni kitu. Askari akishuku kwamba kitu kimehusika, kimehusishwa, au kina sura ya kuweza kuhusika katika uhalifu, anakitia mbaroni. Kitu hupelekwa mahakamani, na kikishindwa kujitetea kinakuwa mali ya kituo kilichokikamata. Mwenyewe hana kosa lolote na yuko huru kurudi nyumbani. Wananchi wengi wa Twaeni walikwisha kurudi nyumbani kwa namna hiyo, kwa miguu, huku magari na baiskeli zao zikiendelea kusaidia upelelezi.

Bi Nyamizi Kapela wa mtaa wa Chekeni alikuwa haijui sheria hii, maana alikuwa mtu wa shughuli zake. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, na kazi yake ilikuwa kukodisha viti. Viti mia tatu vya plastiki, vyeupe, ambavyo yeye na marehemu mumewe walivinunua kumi kumi tangu enzi ambazo watu wa Chekeni walikalia matofali misibani. Kumi vya mwisho mumewe alivileta wiki ile ile aliyougua. Kila kiti kilikuwa na herufi N chini ya kikalio, aliyoiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu ya kucha. Pale mtaani hakuna aliyeoa, aliyepata kipaimara wala aliyezikwa bila viti vya Bi Nyamizi, na alikuwa na desturi ya kuvihesabu jioni vikirudi, akivipangusa kwa kitambaa chenye maji, akikisema kilichorudi na ubwabwa.

Jumamosi moja viti vyote mia tatu vilikuwa kwenye msiba wa fundi saa mmoja, mtu aliyependwa sana. Chakula ndiyo kwanza kimeanza kugawiwa, yakaingia malori mawili ya polisi. Akashuka Mkuu wa Kituo, Kamanda Tufani Mbelwa, mtu mnene mwenye masharubu yaliyochanwa, kipaza sauti mkononi.

"Viti vyote vilivyopo hapa, msisogee!"

Waombolezaji waliganda, matonge yakiwa njiani kwenda midomoni.

"Nyinyi endeleeni na msiba wenu," Kamanda alisema kwa upole. "Nasema na viti."

Bi Nyamizi alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. "Shikamoo, afande. Vimefanya nini?"

"Marahaba, mama. Kuna mwizi wa nyaya za umeme tunamtafuta mwezi wa tatu sasa. Tuna habari za uhakika kwamba asubuhi alifika hapa, akatoa pole, akakaa kitako, akanywa chai, akaondoka."

"Kwa hiyo mmemkamata?"

"Amekimbia."

"Na viti?"

"Havikukimbia," alisema Kamanda, akikuna masharubu. "Na hilo nalo tunalichunguza."

"Lakini afande, mtu mmoja anakalia kiti kimoja. Hivi mia mbili tisini na tisa vina kosa gani?"

"Vilikuwepo. Vimeona kila kitu. Na mpaka nazungumza na wewe hapa, hakuna hata kimoja kilichotoa taarifa."

Watu waliinuliwa, viti vikapakiwa. Sufuria za pilau zilihojiwa kwa muda mfupi, zikaachiwa zikiwa tupu. Jeneza nalo liliachwa, baada ya mashauriano. Bi Nyamizi alipewa karatasi yenye muhuri: "Watuhumiwa: 300. Jinsia: haijulikani. Kabila: plastiki. Makazi: hawana makazi maalumu, huonekana kwenye mikusanyiko." Marehemu alizikwa na watu waliosimama, na mjane wake, mtu wa miaka sabini, aliishia kukalia ndoo iliyofunikwa.

Usiku ule Bi Nyamizi hakulia. Alilia asubuhi, alipofungua ghala kwa mazoea ili atoe viti vya ubatizo, akasema "haya, amkeni," na sauti ikamrudia kutoka ukuta wa pili.

*

Jumatatu alikwenda kituoni pamoja na wifi yake, Mboni, dada wa marehemu mumewe, mwanamke ambaye hakuwahi kunong'ona maishani mwake. Walivikuta viti kabla hawajaingia. Askari wa zamu alikuwa amekalia kimoja na kuinua miguu juu ya kingine. Wengine wanne walikuwa wanacheza bao chini ya kivuli, wamekaa raha mustarehe. Kamanda Mbelwa mwenyewe alikuwa barazani, juu ya kiti cheupe alichokitandikia mto wa maua.

"Karibuni," alisema. "Vinahojiwa."

"Mbona mmevikalia?" aliuliza Bi Nyamizi.

"Mama, mambo ya upelelezi yana utaalamu wake. Kiti hakisemi mpaka kibanwe."

Mboni akadakia. "Na hiki ulichokitia mto?"

"Hiki ni shahidi muhimu. Kinahitaji ulinzi." Kamanda akajisogeza, na kiti kikatoa mlio mdogo wa plastiki. Akainua kidole. "Mmesikia? Wiki hii kitafunguka."

Wiki haikuisha kabla Mboni hajaleta habari nyingine, akiingia uani kwa Bi Nyamizi bila hodi. "Wifi, nimetoka harusini kwa Mkongoti. Unajua nimekalia nini?"

"Usiniambie."

"Vyako! Kituo kinavikodisha. Wanasema vimetoka kwa dhamana. Vimekuja na askari wawili wa kuvisindikiza, nao wamekula sahani tatu tatu. Na bei ni mara mbili ya yako."

"Na watu wanakodi?"

"Wafanyeje? Wakikodi kwingine, navyo vitakamatwa."

Jambo lililomkera Bi Nyamizi halikuwa bei. Lililomkera ni kuambiwa kwamba vilipelekwa harusini bila kufutwa vumbi.

*

Kesi ilitajwa mbele ya Hakimu Ndimbo, mzee mwenye miwani minene aliyesifika kwa haki, kwa kuwa hajawahi kumfunga mtu. Siku hiyo asubuhi alikuwa amekwisha kuipeleka rumande pikipiki moja na kuionya vikali jozi ya viatu. Kwa vile kizimba kilikuwa kidogo, kiti kimoja kililetwa kuwawakilisha wenzake. Serikali, kwa kujali haki za watuhumiwa, ilikuwa imekipatia wakili wa bure, kijana nadhifu aitwaye Tibenda.

"Mshtakiwa anasemaje? Ni kweli au si kweli?" aliuliza Hakimu.

Mahakama nzima ilikitazama kiti.

"Andika," Hakimu alimwambia karani. "Mshtakiwa amekaa kimya."

Wakili Tibenda aliruka. "Napinga, mheshimiwa! Mteja wangu hakukaa. Kwa maumbile yake mteja wangu hakai. Hukaliwa."

Hakimu alifikiri. Hoja ilikuwa nzito. "Karani, rekebisha. Mshtakiwa amekaliwa kimya."

Bi Nyamizi alishindwa kuvumilia, akasimama. "Mheshimiwa, samahani. Naomba nivisemee. Mimi ndiye mwenye viti."

"Una hatia yoyote?"

"Sina, mheshimiwa."

"Unashukiwa kwa lolote?"

"Hapana."

"Basi kesi hii inakuhusu nini? Hapa anasema mshtakiwa."

"Lakini hakiwezi kusema!"

"Hiyo ni haki yake ya kikatiba," alisema Hakimu Ndimbo, "na mahakama hii haitamruhusu mtu yeyote kumnyang'anya."

Kiti kilirudishwa rumande. Lakini karani, mtumishi wa miaka mingi aliyezoea kuandika kabla ya kusikia, alikuwa amekwisha kuingiza kwenye daftari: "Amejitokeza pia Bi N. Kapela, Mwenyekiti." Hakuandika mwenyekiti wa nini. Katika Twaeni cheo hakiulizwi hivyo.

*

Ikumbukwe kwamba siku zile nchi nzima ilikuwa inabishana kuhusu sheria hii. Ubishi haukuletwa na viti vya Bi Nyamizi, wala baiskeli za wakulima, wala mashine ya kusaga ya kijiji kizima iliyokamatwa kwa kosa la kupiga kelele za mashaka. Hayo yalikuwa mambo ya kawaida. Ubishi ulianza siku polisi walipokamata kitanda cha mbunge. Kilituhumiwa kujua mengi. Mheshimiwa Lukole, mwenye kitanda, alilala chini siku mbili, na kufikia siku ya tatu alikuwa ameshagundua haki za binadamu.

Magazeti yakagawanyika. Upande wa serikali uliandika kwamba tangu sheria ipite hakuna baiskeli hata moja iliyorudia kosa. Upande wa pili uliandika, lakini mtambo wake wa kuchapia ukakamatwa, hivyo hoja zake hazikujulikana vizuri. Mwishowe Bunge likaitisha kikao cha kamati kusikiliza maoni ya umma, na mahakama ikapeleka majina ya wote waliotajwa katika kesi za vitu.

Ndipo barua yenye nembo ya taifa ikafika Chekeni. Ilianza: "Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Wamekosea," Bi Nyamizi alisema, akiirudisha kwenye bahasha. "Hii ni ya mtu mwingine."

Mboni aliinyakua na kuisoma kwa sauti iliyofika nyumba ya nne. "Wewe si mwenye viti?"

"Ndimi."

"Basi wameandika nini kingine? Katafute gauni la kwenda nalo."

*

Asubuhi ya kikao, Mwenyekiti halisi wa kamati hakufika. Gari lake lilikamatwa njiani, yeye akiwa ndani. Aliachiwa papo hapo bila masharti, lakini palikuwa porini. Kwa hiyo mlinzi wa mlangoni alipoona barua ya Bi Nyamizi alipiga saluti, akampitisha katikati ya ukumbi, akampandisha jukwaani na kumketisha kwenye kiti kirefu cha ngozi. Wajumbe wote walisimama, wakainamisha vichwa, wakakaa. Hakuna aliyemtambua, na kwa sababu hiyo wote walimwogopa.

Alipotulia akatazama chini. Ukumbi mzima, wajumbe, waandishi, wananchi, mawaziri, wote walikuwa wamekalia viti vyeupe vya plastiki. Kilichokuwa karibu na ngazi kilikuwa kimeangushwa, na chini yake palikuwa na herufi N, nyekundu, iliyochujuka kidogo. Bunge lilikuwa limevikodi kutoka kituoni. Bi Nyamizi akashika kingo za meza mpaka vidole vikampauka. Alitaka kupiga kelele. Lakini karani wa kamati akamsogelea na kumpa kadi ndogo iliyochakaa, imekunjika pembe.

"Hii ndiyo kazi yako, Mheshimiwa Mwenyekiti," alinong'ona. "Mwisho wa mjadala utaisoma kama ilivyo. Ndiyo sentensi pekee tuliyonayo."

Waziri wa Usalama na Vitu Vingine, Mheshimiwa Kasongora, ndiye aliyefungua mjadala. Alizungumza saa nzima, mkono mmoja kifuani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tuulizane kwa dhati. Kisu kisingekuwepo, nani angechomwa? Fedha zisingekuwepo, nani angeiba? Utafiti wetu wa kina umethibitisha kwamba vitu ndivyo chanzo cha uhalifu wote dhidi ya vitu. Siku mwananchi wa Twaeni atakapokuwa hana kitu, nasema hana kitu kabisa, siku hiyo hakutakuwa na mwizi! Na nafurahi kulitaarifu Bunge lako tukufu kwamba tunakaribia."

Makofi yalitikisa madirisha. Mheshimiwa Lukole akainuka kupinga, mgongo umepinda kwa kulala sakafuni. Alisema kitanda cha mtu ni msingi wa taifa. Akasema hata watuhumiwa wa mauaji huulizwa kwanza. Alipofika kwenye godoro sauti ilimkatika, akakaa.

Kisha akaitwa Kamanda Tufani Mbelwa, kama mtaalamu. Hakumtambua mwanamke aliye jukwaani, kwa vile hakuwahi kumtazama usoni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi ni mtu wa vitendo. Tukirudisha vitu, nauliza tu, polisi tutakaa wapi?"

"Mlikuwa mnakaa wapi zamani?" Bi Nyamizi aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza, na ukumbi ukatulia.

"Zamani tulikuwa tunatembea, mheshimiwa. Doria."

"Na wezi mlikuwa mnawakamata?"

"Mmoja mmoja," alikiri Kamanda. "Lakini ilikuwa kazi ya kuchosha sana."

Karani akatoa ishara kwamba muda umefika. Hoja ilikuwa moja: sheria ifutwe. Bi Nyamizi akaomba wanaoafiki waseme ndiyo. Zikasikika sauti tatu: ya Mheshimiwa Lukole, ya bibi mmoja aliyepoteza cherehani, na ya Mboni kutoka kwa wananchi, ambayo peke yake ilikuwa kama sauti kumi. Akaomba wasioafiki waseme siyo.

"SIYOOO!" Ukumbi ulinguruma. Chokaa ilidondoka darini.

Bi Nyamizi akaivaa miwani yake, akaisoma kadi kama ilivyo, taratibu, kama mtu asomaye barua ya mwanawe.

"Nadhani waliosema ndiyo wameshinda."

Akagonga nyundo.

Waziri Kasongora alifungua kinywa, mshauri wake wa sheria akamvuta koti. "Mheshimiwa, usithubutu. Sheria zote za nchi hii zimepita kwa kadi hiyo hiyo. Tukiihoji leo, hatuna katiba, hatuna bajeti, na wewe si waziri."

Waziri akafunga kinywa. Jioni redio ya taifa ilitangaza kwamba serikali sikivu, kwa hiari yake na baada ya maandalizi ya miaka mingi, imefuta sheria hiyo, na wananchi wakahimizwa kushukuru.

*

Vitu vilianza kuachiwa. Baiskeli zilitoka gerezani kwa mafungu, pancha tupu. Mheshimiwa Lukole alikipokea kitanda chake, akalala, na haki za binadamu hakuzitaja tena. Viti vya Bi Nyamizi vilirudi kwa mkokoteni, safari saba, naye akavipokea kimoja kimoja langoni na kitambaa chake chenye maji. Vilikuwa na madoa ya wino na alama za visigino. Alivihesabu mara mbili. Mia mbili tisini na tisa.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kituoni, na Mboni nyuma yake. Kamanda Mbelwa alikuwa barazani vile vile, amekalia kile cha mto.

"Nimefuata kiti changu, afande."

"Sheria imefutwa, mama, na mimi naitii," alisema Kamanda. "Sikikamati. Hiki hakijakamatwa. Nimekaa tu. Hakuna sheria Twaeni inayomlazimisha mtu kusimama."

"Nitasubiri usimame."

"Subiri."

Akasubiri siku mbili, kuanzia kituo kinapofunguliwa hadi kinapofungwa. Mboni alileta uji na mkeka. Kamanda aliletewa chakula pale pale, alisaini majalada pale pale, na inasemekana alijifunza kulala akiwa ameketi bila kuachia mikono ya kiti. Mke wake alikuja kumbembeleza, akaondoka analia. Askari walikuwa wanapita kwa kunyata, maana mkuu wao alikuwa amevimba miguu na hasira.

Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, Bi Nyamizi alimtazama vizuri yule mtu. Aliona uso uliochoka, na vifungo vya sare vilivyong'arishwa hata hivyo, kimoja kimoja. Akaona kwamba jambo moja mtu huyu analiheshimu kwa dhati. Basi akainuka kwenye mkeka, akanyoosha kanga yake, akasafisha koo, na kwa sauti yake ya kukwaruza akaanza kuimba wimbo wa taifa.

"Ee Twaeni, mama wa neema, twakusimamia..."

Kamanda alitoa macho. "Mama, hapana. Mama, usifanye hivyo."

"...mchana na jua kali, twakusimamia..."

Askari wote uani waliacha bao na kusimama wima. Magoti ya Kamanda yakaanza kujinyoosha yenyewe. Alijishika, akang'ang'ana, jasho likamtiririka mpaka kwenye masharubu, lakini miaka thelathini ya gwaride ina nguvu kuliko mtu mmoja. Akainuka polepole, visigino vikagongana, mkono ukapanda kwenye kofia, macho yakakaza mbele, machozi yakimtoka.

Mboni akakivuta kiti, akautua mto wa maua chini kwa heshima, akakitwika kichwani.

Bi Nyamizi aliendelea kuimba. Aliimba akiteremka ngazi, akavuka lango, akakata kona ya sokoni na kushika njia ya Chekeni, sauti ikizidi kuwa ndogo lakini ikisikika. Nyuma yake Mkuu wa Kituo alibaki amesimama juani kama mlingoti, mkono kwenye kofia. Wimbo wa taifa wa Twaeni una beti kumi na nne, na Bi Nyamizi alipomaliza ubeti wa mwisho akaanza tena wa kwanza.